Urefu kwa Sauti, Kiuno kwa Kimya

Fundi alimtazama mtu miguu kwanza. Ukipanda baraza yake pale Mjambere ukatoa salamu, aliitikia huku macho yake yako kwenye vifundo vya miguu yako, na kabla hujaketi alikuwa ameshajua sketi yako itaishia wapi. Wageni walidhani ana dharau. Sisi majirani tulijua kwamba ndivyo anavyokaribisha.

Mimi na mama yangu tulipanga chumba kilichotazamana na chake, nyumba moja, ukumbi mmoja, ua mmoja. Ninayoyaandika niliyaona nikiwa mlangoni kwetu. Jina lake analo, lakini mtaani halikutumika. Aliitwa Fundi tu. Hata bintiye, akitaka kumchokoza, alimwita Fundi badala ya mama, wakacheka wote wawili.

Alishona chochote alicholetewa, lakini watu waliotoka nje ya mtaa, mpaka Bamburi, walifuata sketi za marinda. Alisema marinda ni kama watu wa nyumba moja. Kila mmoja amemlalia mwenzake, na mmoja akikaa vibaya wote huonekana hawana adabu.

Pamba tupu hakuitaka. "Pamba yasahau," alisema. "Waipiga pasi asubuhi, adhuhuri haikumbuki kitu." Alitaka kitambaa chenye tetroni, uzi wa kiwandani, ndani yake, kizito kidogo, kinachoanguka chenyewe ukikiachia. Alikikunja rinda baada ya rinda, akayashika kwa bandi, ule uzi mrefu wa kushikiza tu, kisha akatandika juu yake kitambaa kilicholowa maji na siki, akapiga pasi ya makaa. Siku hizo ukumbi mzima ulinuka siki. Mama yangu alikuwa akisema leo hapana haja ya kachumbari, tule wali na harufu.

Sketi ilitoka kwake na bandi yake. Kuufumua uzi ule ilikuwa kazi ya mwenye sketi, nyumbani kwake, siku ya kuvaa, ili marinda yasivurugike njiani. Wenyeji walijua. Lakini palikuwa na mama mmoja mgeni, mumewe alihamishiwa kiwanda cha saruji kutoka bara, ambaye hakuambiwa. Akaivaa vilevile kwenda kanisani. Jumatatu alirudi amekasirika.

"Fundi, hii sketi imenibana. Nilitembea kama kuku aliyefungwa miguu sokoni."

Fundi akainama, akashika ncha ya uzi, akauvuta wote kwa mkono mmoja. Marinda yakafunguka mpaka chini.

"Haikukubana, mama. Haikufunguliwa."

Mama yule akajitazama, akajizungusha, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku ile akawa ndiye anayewaleta wenzake wa kwaya.

Hao wa kwaya ndio waliomfurahisha zaidi, kwa sababu walikuja warefu na wafupi pamoja, na wote walitaka kufanana. Fundi mwingine angewapima kila mmoja kutoka kiunoni kwenda chini. Yeye aliwasimamisha kwa safu, bila viatu, akapima kutoka sakafuni kwenda juu. Wakisimama mbele ya watu, pindo zao zote zilikuwa mstari mmoja, kama maji ndani ya sinia. Kiuno cha kila mmoja kikawa mahali pake, hapana aliyekiangalia.

Wasichana walikuja na picha za sketi kwenye simu. Hakuzikataa. Alizitazama kwa makini, akauliza, "Huyu wa kwenye picha ana miguu gani?" Msichana alipojibu kwamba haionekani vizuri, Fundi alimrudishia simu. "Basi tushone ya miguu inayoonekana."

Alikuwa na sheria zake, na aliziamini kama mtu anavyoamini sala. Sketi haiishii pale mguu uliponenepa, chini ya goti. Hapo mguu hugeuka gogo. Ama iishie chini kidogo ya goti, ama iteremke mpaka muundi unapoanza kuwa mwembamba, ama ifike kifundoni. Mwanamke mfupi alimpa marinda membamba, na blauzi ya kuchomeka ndani, ili kiuno kionekane kiko juu. Mrefu mwembamba alimpa marinda mapana. Mwenye nyonga pana, marinda yalishonwa yakashikwa mpaka kwenye mfupa wa nyonga, kisha yakaachiliwa yaende. Blauzi ya kuning'inia aliichukia. "Yala marinda," alisema. Sketi ndefu aliitakia makubazi ya chini. Ya gotini aliitakia kiatu kilichofungwa, ili mguu usionekane unakimbia. Ikiwa sketi ina maua, juu pawe patupu. Ikiwa juu pana maua, chini panyamaze.

Nilipomaliza darasa la nane alinipima sketi yangu ya kwanza ambayo si ya shule, bluu iliyokolea, ya kufika chini ya muundi. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Akanipandisha kidevu kwa kidole. "Ukiinama, mbele hurefuka na nyuma hufupika. Simama kama mtu, nipate kukupima." Kisha akanifundisha kukaa, maana kwake kuvaa marinda bila kujua kukaa ni sawa na kutovaa. Unapitisha mgongo wa mkono nyuma yako, unayalaza, ndipo unaketi.

Urefu aliupigania kwa sauti. Kibaraza kizima kilisikia. Wakati mmoja yule mama wa kwaya alitaka ya gotini.

"Goti hilo wamwonyesha nani?" Fundi akamwuliza.

"Goti langu mimi ni la kumpigia Mungu."

"Basi Mungu alijua tangu alipolifinyanga. Tulifunike, tusimchoshe."

Lakini hakumlazimisha mtu. Alisema lake, akacheka, kisha akashona alichoagizwa. Mzee mmoja wa msikitini alikuja kulalamika kwamba mkewe ameshonewa sketi inayoacha muundi nje. Fundi alimwitikia salamu vizuri, akamkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mkeo alikuja mwenyewe, na miguu alikuja nayo," akamwambia. "Ukitaka ndefu, babu, simama nikupime wewe." Mzee akaondoka akitikisa kichwa, lakini akicheka.

Kuna waliomwuliza faida ya kuhangaika na marinda ambayo buibui itayafunika yote. Yeye alisema buibui ni ya njiani. Siku ya kupamba bibi harusi, wanawake wakishafunga mlango na kuzivua, ndipo alipoona kazi yake. Alikaa pembeni, kikombe mkononi, hatazami bibi harusi. Alitazama sketi zikizunguka, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu polepole, nadhani akihesabu marinda.

Yeye mwenyewe hakuvaa marinda. Dera tu, mwaka mzima, na leso juu yake. Nilimwuliza sababu. "Marinda yataka mtu wa kusimama," akasema. "Mimi ni mtu wa kukaa."

Nimesema urefu aliupigania kwa sauti. Kiuno alikinyamazia. Hilo ndilo lililowafanya wanawake wamwamini kuliko mafundi wa barabarani, wale wanaomtajia vipimo kwa kelele kijana wa kuandika. Yeye alizungusha futi kiunoni, akaibana kwa kidole gumba mahali ilipofika, na kidole hakikuondoka mpaka amekwenda kwenye kitambaa akatia alama ya chaki. Hakutamka. Mwanamke aliyenenepa hakuambiwa. Aliyekonda kwa ugonjwa au kwa mume hakuambiwa. Na walioanza kubeba mimba, Fundi aliwajua kabla ya mama zao. Kama kulikuwa na neno la kusema, alimsogelea mtu sikioni, kama anayetafuta pini kwenye kola, akamnong'oneza, akarudi kwenye cherehani. Niliona msichana wa jirani akinong'onezwa hivyo. Akatokwa na machozi, akaitikia kwa kichwa, na sketi yake ikashonwa ikiwa na nafasi ya kupanua. Mtaa ulikuja kujua baadaye sana, msichana huyo alipokuwa ameshaolewa.

Sasa nifike kwa bintiye, maana siwezi kuendelea kumzunguka.

Alikuwa amenizidi umri kidogo, hajaolewa. Baba yake alikuwa amefariki, na Fundi hakuwa na mtoto mwingine. Kazi ya binti ilikuwa kufumua mishono iliyokosewa na kutia vifungo, na kuwasema wateja wakiondoka. Mtu mwenye furaha. Ila mwaka ule alikuwa amepungua maneno. Alikula kidogo, alilala mchana, na mara nyingine alisimama uani ameshika ukuta kama anayesikiliza kitu. Mama yangu alimwuliza, akasema ni joto.

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, na kibaraza kilijaa wanawake waliokuja kuchukua nguo za Idi. Mimi na mama tulikuwepo. Fundi akamwita bintiye naye apimwe yake, maana siku zote alikuwa wa mwisho. Akapanda juu ya kigoda. Walianza na urefu, kama kawaida yao.

"Muundini," binti akasema.

"Kifundoni."

"Fundi, wateja wako wote wawaacha wachague."

"Wateja si wangu. Wewe ni wangu."

Wanawake wakacheka. Fundi akazungusha futi kiunoni, akaibana. Akaiachia, akaizungusha tena. Akashusha mkono tumboni kwa bintiye, pole, akauondoa haraka kama aliyegusa pasi. Ningeapa kwamba angemsogelea sikioni. Hakumsogelea.

"Ya nani?"

"Abee, mama?"

"Nakuuliza mimba hii ni ya nani."

Aliisema kwa ile sauti yake ya urefu. Mtoto mdogo wa mteja akamwuliza mama yake kitu, akazibwa mdomo. Binti alisema, "Wallahi mama, sijui wasema nini," na Fundi akasema maneno mengine ambayo sitayaandika. Binti akashuka kigodani. Alitafuta buibui yake, akaivaa bila haraka, akafunga vifungo vyote. Akapita katikati ya wanawake huku akiomba njia, samahani, samahani, kama mtu anayetoka msikitini mapema. Kisha akaenda Jomvu Kuu kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake.

Fundi aliendelea kugawa nguo.

Haikuwa mimba. Ilikuwa uvimbe, uliokuwa ukikua muda wote ule tuliodhani ni joto. Yule shangazi ndiye aliyempeleka hospitali. Wakamfanyia upasuaji, wakautoa, na kizazi nacho ikabidi kitolewe. Hayo tuliyajua shangazi alipokuja mwenyewe baada ya Idi. Kibarazani hapakuwa na mtu isipokuwa mimi niliyekuwa nikipeta mchele mlangoni kwetu, na bado alimwambia kwa sauti ya chini, ameinama, mdomo karibu na sikio. Nilimsikia Fundi akisema, "Wifi, na sasa?" Shangazi akamjibu, "Sasa yu hai. Shukuru hilo."

Baada ya hapo Fundi aliacha kupima viuno. Hakutangaza. Alianza kutia lastiki. Sketi zote, za kwaya, za harusi, za shule, kiunoni ni lastiki. Marinda na lastiki havipatani. Lastiki huyavuta yakajikusanya juu, na chini yakatanuka ovyo. Yeye ndiye aliyekuwa akisema hivyo zamani, tena kwa kejeli. Wanawake walimwambia kwa adabu, akawajibu kwamba siku hizi ndiyo inayovaliwa. Wachache waliovumilia walivumilia kwa huruma. Wengine wakaanza kwenda barabarani. Yule mama wa kwaya alikuja mara ya mwisho akajisimamisha mwenyewe mbele yake, akainua mikono. "Nipime, Fundi. Mimi sina siri. Kila mtu anaona nilivyo." Fundi alishika futi. Akaishika muda mrefu, kisha akaitundika shingoni na kusema, "Nitakutia lastiki nzuri."

Kila Ijumaa baada ya sala alikwenda Jomvu Kuu. Sisi tulidhani bintiye anamfungia mlango, na mama yangu alisema heri angemfungia. Maana hakumfungia. Alimpokea. Alimwambia shikamoo, akambusu mkono, akamtandikia mkeka, akamletea chai na mkate wa sinia. Alimwuliza miguu yake, majirani, bei ya mafuta ya taa. Alimjibu kila alichoulizwa, na zaidi ya alichoulizwa hakusema. Hakuna siku aliyomwita Fundi. Ikifika alasiri alimsindikiza mpaka njia ya mikoko, akamwambia, "Ufike salama, mama." Mtu akikutukana waweza kumwomba radhi, lakini akikukirimu waanzia wapi? Fundi alijaribu kuomba radhi, zaidi ya mara moja. Kila mara binti alimjibu, "Yameshapita, mama. Ongeza sukari?"

"Ananifanyia adabu," alimwambia mama yangu akilia jikoni. "Dada yangu, ananifanyia adabu kama mkwe."

Alipungua. Magoti yakavimba. Cherehani ikakaa siku nzima imefunikwa. Sote nyumbani tulijua anangoja kitu kimoja tu, na kwamba huenda asikipate: mwanawe amseme. Amkemee, amlaumu, amrushie hata kikombe, lakini azungumze naye.

Ijumaa moja, si zamani, mguu ulimsumbua sana, mama akaniambia nimshike mkono nifuatane naye. Tulifika nimechoka kwa kumbeba nusu. Binti alitupokea. Alikuwa amenenepa kidogo, uzuri umemrudi, na amevaa sketi ya marinda ya kahawia, ya kununua dukani, yenye lastiki. Iliishia palepale mguu ulipo mnene. Tena upindo ulikuwa umeshuka upande mmoja.

Tukanywa chai. Fundi alitazama mkeka, alitazama dari, alitazama kikombe. Lakini kila binti alipopita na birika, macho yalimponyoka yakaenda chini kwenye upindo.

"Mama," binti akasema. "Waitazama sketi."

"Hapana, mwanangu."

"Sema."

"Nzuri. Rangi nzuri."

Binti akaweka birika chini. Akakaa mkekani bila kuyalaza marinda, akayakalia hivyohivyo. Alikaa akimtazama mama yake. Nilitaka kutoka nje, lakini ningelazimika kupita katikati yao.

"Wanawake wote wa mtaa uliwanong'oneza," akasema. "Wote. Mpaka yule msichana wa nyumba ya tatu. Mimi nilikuwa nakufumulia pale, nakuona. Mimi ndiye mwanao. Kwa nini mimi hukuninong'oneza?"

Fundi akaweka kikombe chini.

"Hata kama ingekuwa mimba," binti akasema. Sauti ilikuwa imepanda, na kutoka chumba cha ndani shangazi akakohoa. "Sema basi ingekuwa mimba, mama. Hata hapo. Kwa nini hukuninong'oneza?"

"Wale walikuwa watu," Fundi akasema. "Wale niliwaogopea. Wewe nilikuona..." Akaanza tena. "Wewe nilikuona ni mkono wangu. Mtu haunong'onezi mkono wake."

"Mimi si mkono wako."

"Ndiyo."

"Niliumwa miezi, mama, na sikukwambia. Wajua kwa nini? Niliogopa utaniuliza mbele ya wateja." Alikuwa analia sasa, na maneno yalitoka kwa nguvu, yamevunjika. Alisema mengine mengi, ya zamani, ya utotoni, mambo ya vifungo na vibao ambavyo sikuvijua. Fundi hakujitetea. Kila neno alilipokea ameinamisha kichwa, mikono wazi juu ya magoti, kama mtu anayepakuliwa chakula. Mwisho binti akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Hakutoka kutuaga. Hakutusindikiza.

Tulitembea ile njia ya mikoko polepole, mzigo wake wote uko begani kwangu. Nilidhani amevunjika kabisa, na kwamba hii ndiyo Ijumaa yake ya mwisho kuja. Penye kona akasimama.

"Umesikia alivyonisema?"

"Nimesikia, Fundi."

"Kwa hasira."

"Ndiyo."

"Na mlango akaufunga."

"Aliufunga."

"Alhamdulillahi," akasema.

Kisha akaketi palepale njiani juu ya mchanga, akalia kwa sauti kubwa. Watu walikuwa wakirudi kutoka mashambani, wanakuja upande wetu. Nikavua leso yangu ya juu, nikaitandaza kwa mikono miwili baina yake na njia, nikasimama hivyo, mgongo wangu umewaelekea, mpaka wote wakapita.